Mji wa soko baada ya maduka kufungwa

Saa kumi na moja na nusu jioni ndiyo saa ngumu kuliko zote katika mji wa soko wa Uingereza. Wauza matunda wamekwisha kukunja maturubai yao, maduka ya nguo yanashusha milango, na wafanyakazi wa ofisini wanaharakisha kwenda stesheni. Baa na vilabu vya usiku havitajaa mpaka saa tatu au saa nne. Kwa muda wa saa tatu hivi mji huwa mtupu, na mwenye familia akiuona mtupu mara moja au mbili, huwa harudi tena.

Pengo hilo ndilo kiini cha mjadala kuhusu kile kinachoitwa uchumi wa jioni na usiku, yaani biashara na kazi zote zinazofanyika tangu maduka yanapofungwa hadi kunapopambazuka. Mjadala huo umedumu Uingereza kwa zaidi ya miaka 20. Mara nyingi umegeuzwa kuwa ubishi juu ya pombe, kana kwamba usiku hauna shughuli nyingine. Mfano wa Kingston upon Thames, mji wa kale wa soko ambao leo umo ndani ya mipaka ya London, unaonyesha kwamba suala ni pana zaidi.

Mji uliomezwa na jiji

Kingston iko kilomita zipatazo 16 kusini-magharibi mwa katikati ya London, kwenye ukingo wa mto Thames. Ni mji mkongwe kwa kila kipimo. Mfalme Athelstan alitawazwa hapo mwaka 925, na mapokeo yanataja wafalme wengine kadhaa wa zama hizo. Hadi mwaka 1729, lilipojengwa daraja la Putney, mtu aliyepanda mto kutoka London Bridge hakukuta daraja jingine mpaka afike Kingston. Wakulima, wachunga ng'ombe na wauza samaki walilazimika kupita hapo, na soko likanawiri.

Mwaka 1628 Mfalme Charles wa Kwanza aliupa mji huo hati iliyokataza soko jingine lolote kufunguliwa ndani ya maili saba, sawa na kilomita 11 hivi. Kwa lugha ya leo huo ungeitwa ukiritimba. Uwanja wa soko bado upo, na katikati yake limesimama jengo la soko la mwaka 1840.

Mwaka 1965 mji ulihamishiwa rasmi katika London Kuu. Jumba kubwa la maduka la Bentall Centre lilifunguliwa mwaka 1992, na wanafunzi wa Kingston University wakazidi kuongezeka. Kwa hiyo mchana Kingston haikuwa na shida ya wateja. Shida ilianza jua lilipotua.

Kengele ya saa tano

Ili kuelewa usiku wa Kingston, lazima kwanza kuelewa sheria iliyoutawala. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza serikali ya Uingereza ilibana saa za kuuza pombe, ikihofia kwamba wafanyakazi wa viwanda vya silaha wangefika kazini wakiwa walevi. Vita vikaisha, masharti yakabaki. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 baa za Uingereza zilifungwa mchana na kufunguliwa tena jioni. Ni mwaka 1988 tu ndipo ziliporuhusiwa kuuza pombe alasiri yote.

Saa ya kufunga, hata hivyo, ilibaki saa tano usiku. Mwenye baa aligonga kengele, wanywaji wakaagiza glasi ya mwisho na kuinywa kwa pupa, kisha wote wakatoka kwa mpigo mmoja. Matokeo yake hayakuhitaji mtaalamu kuyatabiri: misururu kwenye vibanda vya chipsi, kugombania teksi, na ngumi.

Sheria ya Leseni ya mwaka 2003, iliyoanza kutumika tarehe 24 Novemba 2005, iliondoa saa hiyo moja ya kitaifa. Kazi ya kutoa leseni ilitoka kwa mahakimu ikaenda kwa halmashauri, na kila baa ikaomba saa zake. Halmashauri ilipewa vigezo vinne tu vya kupimia ombi: kuzuia uhalifu na fujo, usalama wa umma, kuzuia kero, na kuwakinga watoto na madhara.

Magazeti mengi ya wakati huo yalionya kwamba taifa lingekunywa saa 24. Halikunywa hivyo. Baa zilizoomba kukesha zilikuwa chache mno, na nyingi ziliongeza saa moja au mbili mwishoni mwa wiki. Wizara ya Mambo ya Ndani ilipotathmini hali mwaka 2008, ilionekana kwamba fujo hazikulipuka kama ilivyohofiwa, ingawa sehemu yake ilisogea kutoka saa sita kwenda saa tisa usiku na kuendelea. Polisi ambao zamani walimaliza kazi mapema walijikuta wakisubiri hadi alfajiri.

Kwa mji kama Kingston sheria hiyo ilirefusha usiku wa wanywaji. Haikugusa lile pengo la jioni, kwani sheria ya pombe haiwezi kumfanya mama mwenye watoto wawili abaki mjini saa kumi na mbili.

Kuna funzo la aina hiyo Afrika Mashariki pia. Kenya ilipopitisha sheria ya kudhibiti vileo mwaka 2010, maarufu kama sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipigania, baa ziliwekewa saa za jioni hadi saa tano usiku. Uingereza ililegeza, Kenya ikakaza, na kila nchi ilidhani saa ya kufunga ndiyo dawa.

Wafanyabiashara wajitoza wenyewe

Hatua iliyoipa Kingston jina haikuhusu pombe. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2003 iliwaruhusu wafanyabiashara wa eneo moja kupiga kura na kujiwekea tozo maalumu kwa ajili ya kuboresha eneo lao. Kura hiyo ina masharti mawili. Wanaokubali wawe wengi kwa idadi, na pia majengo yao yawe na zaidi ya nusu ya thamani ya pango ya wote waliopiga kura. Kwa njia hiyo duka kubwa haliwezi kuwaburuza wadogo, wala wadogo hawawezi kulibebesha kubwa mzigo peke yake. Ikishapita, kila mfanyabiashara anayehusika hulipa, hata aliyeikataa, kwa muda usiozidi miaka mitano. Kisha hupigwa kura nyingine.

Kingston ilikuwa ya kwanza katika Uingereza nzima kuanzisha utaratibu huo, mnamo Januari 2005, kupitia chombo kinachoitwa Kingston First. Leo maeneo ya namna hiyo nchini yamezidi 300.

Fedha za aina hii hutumika kwa mambo yanayoonekana madogo: kufagia zaidi ya kiwango cha halmashauri, walinzi wa mitaani wasio polisi, taa, maua, redio za mawasiliano kati ya maduka na baa. Lakini mtu anayeamua kama atabaki mjini jioni huamua kwa mambo hayohayo. Je, kuna mwanga? Je, kuna choo kilicho wazi? Je, kuna mtu wa kumwendea likitokea jambo? Suala la choo hasa halipewi uzito unaostahili. Halmashauri nyingi za Uingereza zimefunga vyoo vya umma ili kubana matumizi, kisha zikatumia fedha kusafisha vichochoro.

Nairobi nayo iliwahi kutafuta njia yake ya kulipia mwanga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Adopt-a-Light ya Esther Passaris, ambaye baadaye alichaguliwa kuwa mbunge, ilipewa nafasi ya kuweka na kutunza taa za barabarani na kujilipa kwa matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo. Taa ndefu ziliposimamishwa katika mitaa ya mabanda, wakazi walizipa jina la mulika mwizi. Muuza mboga aliweza kubaki na meza yake saa moja zaidi. Tofauti na Kingston ni kwamba kule Nairobi mlipaji alikuwa mtangazaji, naye haulizwi kwa kura kila baada ya miaka mitano.

Bendera ya zambarau

Takriban mwaka 2010 chama cha wasimamizi wa katikati ya miji nchini Uingereza kilianza kutoa tuzo inayoitwa Bendera ya Zambarau. Inafanana na ile bendera ya buluu inayotolewa kwa fukwe safi. Inahusu saa 12 kati ya saa kumi na moja jioni na saa kumi na moja alfajiri. Wakaguzi huja usiku na kutembea kwa miguu. Huangalia usalama, njia za kufika na kuondoka, aina za vivutio, sura ya mji, na kama wanaouendesha wana mpango wanaoufuata. Kingston ilikuwa miongoni mwa miji iliyoipata katika miaka yake ya mwanzo.

Tuzo haijazi mikahawa. Thamani yake, kwa wanaoifuatilia, ni kwamba inawalazimisha polisi, halmashauri, wenye baa, wenye teksi na hospitali kukaa meza moja, watu ambao kwa kawaida hukutana tu pakiharibika jambo.

Miongoni mwa waliokuwa wakitembea usiku huo bila kulipwa ni wale wanaoitwa wachungaji wa mitaani. Mpango huo ulianzishwa London mwezi Januari 2003 na Mchungaji Les Isaac, mzaliwa wa Antigua, kwa lengo la awali la kupunguza matumizi ya bunduki na visu miongoni mwa vijana, kisha ukaenea katika miji mingi. Waumini wa makanisa mbalimbali huvaa makoti yenye maandishi, hugawa maji, huwasubiri na walevi mpaka teksi ifike. Huwapa pia kandambili wasichana waliochoshwa na viatu virefu na kuanza kutembea peku juu ya vigae vya chupa. Kandambili hizo zimepunguza mishono hospitalini pengine kuliko hotuba nyingi.

Kujaza saa tupu

Turudi kwenye saa kumi na moja na nusu. Kingston ilipata majibu mawili yenye manufaa, na hakuna hata moja lililotoka kwa wauza vileo.

La kwanza ni jumba la michezo ya kuigiza la Rose, lililofunguliwa Januari 2008 kando ya mto, mwongozaji mashuhuri Sir Peter Hall akiwa mwasisi wake. Umbo lake limeigwa kutoka jumba la Rose la enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, ambalo misingi yake ilifukuliwa London mwaka 1989. Lina nafasi ya zaidi ya watu 800, na mbele ya jukwaa pameachwa sakafu ambapo mtu huketi juu ya mto aliouleta mwenyewe kwa bei ya chini. Anayekwenda kutazama mchezo wa saa moja na nusu hula kwanza. Mikahawa ya ukingoni mwa mto ikapata wateja saa kumi na mbili, nao si walewale wanaongoja saa nne.

La pili ni duka la santuri. Banquet Records ni duka dogo mtaani, katika zama ambazo maduka ya muziki yamekufa kwa mamia. Lilibuni mtindo wa kuwaleta wanamuziki wanaozindua albamu zao kuimba katika kumbi za Kingston. Mara nyingi maonyesho huwa mawili kwa jioni moja, na tiketi huuzwa pamoja na albamu. Ukumbi mkubwa uliotumika ni klabu iliyojulikana kama Oceana na baadaye Pryzm, jengo ambalo bila muziki huo lingekaa kimya mpaka karibu na usiku wa manane. Onyesho la kwanza huanza mapema, kiasi kwamba vijana wa shule wameweza kuhudhuria na kurudi nyumbani kwa basi la kawaida.

Hiyo ndiyo siri ambayo miji mingi huikosa. Badala ya kurefusha usiku upande wa mwisho, Kingston iliurefusha upande wa mwanzo.

Forodhani hawakuhitaji kengele

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki huenda akashangaa kwamba jambo hili linahitaji mipango, sheria na tuzo. Katika bustani ya Forodhani, Mji Mkongwe wa Unguja, jua likizama ndipo biashara inapoanza. Mishkaki, pweza, urojo na juisi ya miwa iliyotiwa tangawizi na ndimu vinauzwa kwa wenyeji na wageni. Watoto wanakimbia huku na huko, wazee wanapunga upepo wa bahari, na hakuna pombe. Pengo la jioni halipo, kwa kuwa usiku wenyewe unaanza pale mchana ulipoishia.

Lakini nako mipango ilihitajika. Bustani hiyo ilikuwa imechakaa, na ilikarabatiwa kwa fedha za Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa upya mwaka 2009. Wachuuzi waliondolewa kwa muda wa ukarabati, wakarejea chini ya utaratibu mpya wa nafasi na usafi. Kisha mwezi Desemba mwaka huohuo waya wa umeme uliopita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara uliharibika, na Unguja ikakaa gizani kwa takriban miezi mitatu, baada ya giza jingine la mwezi mmoja mwaka 2008. Biashara ya usiku ilirudi kwenye majenereta na taa za mafuta. Waya mpya uliogharamiwa na Marekani ulikamilika mwaka 2013. Soko la usiku, liwe la Kizungu au la Kiswahili, ni soko la umeme kwanza.

Njia ya kurudi nyumbani

Kingston haina treni ya chini ya ardhi. Mwezi Agosti 2016 London ilipoanza kuendesha baadhi ya njia zake usiku kucha siku za Ijumaa na Jumamosi, mji huo haukuguswa. Usiku wake unategemea mabasi: N87 kwenda katikati ya jiji, na mengine yanayokesha kama 281 ya kwenda Hounslow na 285 ya kwenda uwanja wa ndege wa Heathrow.

Anayepanda 285 saa tisa usiku huenda haendi kustarehe wala hatoki kustarehe. Takwimu za ofisi ya Meya wa London zilizotolewa mwaka 2018 zilionyesha kwamba watu wapatao milioni 1.6, theluthi moja ya wafanyakazi wote wa jiji, walifanya kazi kati ya saa kumi na mbili jioni na saa kumi na mbili asubuhi. Ni wauguzi, wasafishaji, wapishi, wapakuzi wa mizigo na walinzi wa milangoni, na wahamiaji kutoka Afrika Mashariki wamo miongoni mwao. Mabaunsa wanatakiwa kuwa na leseni ya serikali tangu sheria ya mwaka 2001 ilipoanza kutekelezwa. Leseni hiyo iliondoa wahuni wengi milangoni, na ikawa kwa wageni wengi kazi rasmi ya kuanzia. Mipango ya uchumi wa usiku iliyoandikwa katika miaka ya mwanzo iliwataja watu hawa kwa nadra. Ilimhesabu anayekunywa, si anayeosha glasi.

Kupungua kwa klabu

Tarehe 20 Machi 2020 serikali iliamuru baa, mikahawa na kumbi zifungwe kutokana na janga la Covid-19. Vilabu vya usiku vya England havikuruhusiwa kufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 19 Julai 2021, miezi 16 baadaye. Wakati huohuo Kingston ilipoteza kundi jingine la wateja wa jioni. Halmashauri ya mkoa wa Surrey, ambayo kwa zaidi ya karne moja ilikuwa na makao yake hapo, iliondoka kwenda Reigate kati ya mwaka 2020 na 2021. Mamia ya makarani waliokuwa wakipita kunywa kinywaji kimoja kabla ya treni waliondoka nayo.

Vijana waliorudi baada ya janga hawakuwa walewale. Wanakunywa kidogo kuliko wazazi wao, na fedha zao zinaishia kwenye kodi ya nyumba. Kampuni ya Rekom, iliyomiliki vilabu vya Pryzm kote nchini, ilikabidhiwa kwa wafilisi mapema mwaka 2024 na kufunga kumbi kadhaa. Mwezi Aprili 2025 michango ya Bima ya Taifa inayolipwa na waajiri ilipanda kutoka asilimia 13.8 hadi 15, na kiwango cha mshahara ambapo michango huanza kutozwa kikashushwa kutoka pauni 9,100 hadi 5,000 kwa mwaka. Mkahawa unaoajiri wanafunzi kwa saa chache uliumia kuliko benki.

Jingine ni makazi. Ofisi na maghorofa ya juu ya maduka yanageuzwa kuwa nyumba, na mwenye nyumba mpya huanza kulalamikia ngoma aliyoikuta. Mpango wa London wa mwaka 2021 unasema anayejenga karibu na ukumbi uliokuwapo ndiye atakayegharamia kuzuia sauti. Ni kanuni ya haki, ingawa inahusu ujenzi mpya tu. Haimsaidii mwenye baa ambaye leseni yake inapitiwa upya kwa sababu ya malalamiko ya mtu mmoja.

London ilikuwa na afisa maalumu wa masuala ya usiku, Amy Lamé, tangu Novemba 2016 hadi mwisho wa Oktoba 2024. Alipoondoka, Meya Sadiq Khan hakumteua mrithi, bali aliunda jopo la kuchunguza hali ya burudani za usiku. Mwezi Aprili 2025 serikali ilitangaza mpango wa kumpa Meya uwezo wa kupitia upya maombi ya leseni yaliyokataliwa na halmashauri. Wenye kumbi waliupokea kwa furaha. Baadhi ya wakazi wanaoishi juu ya maduka wanahofia kwamba uamuzi utatoka kwa diwani wanayemfahamu na kwenda kwa ofisi iliyo mbali, ambayo haisikii kelele hizo.